Garsen: Kuni Zianikwe Kabla ya Mafuriko

Kila mara mto Tana unapofurika na kuvamia Garsen pamoja na vijiji vya delta, orodha ya misaada huwa ni ile ile: unga, maharagwe, mahema, vyandarua vya mbu na vidonge vya kutibu maji. Ni nadra mno kumsikia kiongozi, awe wa serikali au wa shirika la misaada, akitaja kuni. Ilhali unga hauliwi mbichi, maharagwe hayaivi kwa dua, na maji ya mto yaliyokwisha kuchanganyika na ya vyoo hayawi salama kwa kutazamwa.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo, hasa pamoja na walimu na wanafunzi wa Tana River, kwa kuwa jambo lenyewe lina sayansi ndani yake, lina hesabu, na lina uhai wa watu. Hoja yangu ni moja. Kuni zilizokauka sawasawa na kuhifadhiwa pakavu kabla ya mvua ni sehemu ya kinga dhidi ya kipindupindu. Nyumba isiyokuwa nazo siku mto unapopanda haina njia rahisi ya kuchemsha maji, hata kama sufuria ipo na mafiga yapo.

Tuanze na mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake hutoka kwenye safu za Aberdare na Mlima Kenya, yakapita katika mabwawa ya kuzalisha umeme, kisha yakateremka Garissa, Bura, Hola na Garsen hadi baharini karibu na Kipini. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, likijaa hadi kumwagika, maji hayo huwafikia watu wa chini. Kwa hiyo Garsen inaweza kufurika bila ya wingu hata moja juu yake, maadamu mvua imenyesha Nyeri na Murang'a. Wakazi wa delta wanaikumbuka El Nino ya 1997 na 1998. Wanayakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2018, yale ya mwisho wa 2023, na yaliyofuata upesi Aprili na Mei 2024 kabla hata tope la kwanza halijasahauliwa. Inachekesha kwa uchungu kwamba mto huo huo unaowasha taa za mbali unapita kando ya meko yanayotegemea kuni.

Wala meko hayo si ya Tana River peke yake. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote nchini, asilimia 55 hivi, hupikia kuni kama nishati yao kuu. Asemaye kwamba kuni ni jambo la kale hajatoka nje ya mji kwa siku nyingi.

Fikirieni basi jinsi mambo yanavyokwenda mto unapopanda usiku. Familia hukimbilia kwenye mwinuko, aghalabu kando ya barabara, ikibeba watoto, kuku, magodoro na chochote kinachobebeka. Kuni hazibebwi, huachwa uani zikalala majini. Asubuhi mama hukata matawi ya mti ulio karibu, au huopoa magogo yaliyoletwa na mkondo. Matawi ni mabichi, magogo yamelowa. Moto hupulizwa, ukafuka moshi, ukazimika, ukapulizwa tena. Mafuta ya taa humwagwa kama yapo. Pengine mfuko wa plastiki hutumiwa kuwashia, nao hutoa sumu yake. Mwisho wa yote chakula hupikwa kwa shida, na maji ya kunywa hayachemshwi kabisa. Nani atamlaumu? Palipo na moto wa kutosha chungu kimoja tu, chungu hicho kitakuwa cha ugali.

Yamkini msomaji atasema: vipo vidonge vya kutibu maji. Ni kweli, na vinafaa sana vinapopatikana. Lakini dawa hiyo hupungua nguvu katika maji yenye tope, na maji ya mafuriko ya Tana ni tope tupu. Hayana budi yaachwe yatue na yachujwe kwa kitambaa kwanza. Moto haujali tope. Maji yakichemka hadi kutokota kwa nguvu kwa dakika moja, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vimekufa.

Sasa tuingie darasani. Mti uliokatwa leo una maji mengi ndani yake kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi hukaribia nusu ya uzito wake wote, ingawa miti migumu ya nyika huwa na pungufu kidogo. Maji hayo hayaungui. Ukuni ukitiwa motoni, kazi ya kwanza ya moto ni kuyageuza kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali. Kuipasha moto lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 kunahitaji takriban megajouli 0.31 za joto. Kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke mtupu kunahitaji karibu megajouli 2.6 kwa jumla, yaani zaidi ya mara nane. Kilo moja ya kuni mbichi yenye nusu kilo ya maji itapoteza megajouli 1.3 kwa kujikausha yenyewe kabla haijampa mpishi chochote. Joto hilo, lau lisingepotea, lingeweza kuchemsha lita nne.

Hata hivyo hasara hiyo si kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni ile inayotoka kama moshi. Ukuni hauungui kwa namna watoto wanavyodhani, kwamba mti unashika moto kama ulivyo. Joto likizidi nyuzi 200 hivi, mti huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka na kufanya ulimi wa moto. Maji yakiendelea kutoka ndani ya ukuni, joto halipandi kufikia kiwango hicho, au hufikia kwa kuchelewa. Gesi hutoka lakini haziwaki. Huo ndio moshi mzito mweupe unaowatoa watu machozi: ni nishati ya kupikia inayopaa hadi darini bila ya kuiva kitu. Ndani yake mna chembechembe, lami, na kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu.

Moshi huo una hesabu yake pia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, makaa, samadi na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Siwezi kudai kwamba kuni kavu zinaondoa hatari hiyo. Hata moto mzuri wa mafiga hutoa moshi. Lakini kati ya moshi wa kuni kavu na wa kuni mbichi pana tofauti ambayo kila mama aliyewahi kupikia ndani wakati wa masika anaijua kifuani mwake.

Na kabla ya moto kuna mzigo. Mwanamke anayetoka porini na tita la kilo 20 za kuni mbichi kichwani amebeba karibu kilo 10 za mti na kilo 10 za maji. Kisha anarudi mtoni kuteka maji mengine. Tita hilo hilo likikauka mpaka libaki na maji ya sehemu moja kwa tano, litakuwa na uzito wa kilo 12 na nusu, wala hakuna chochote cha kupikia kilichopungua. Huu ni mfano mzuri wa asilimia kwa darasa la saba, na ungefaa kuliko ile mifano ya treni mbili zinazokutana, ambazo mtoto wa Garsen hajapata kuziona.

Kuni zenyewe zitoke wapi? Hapa Tana River ina historia ya ajabu ambayo vijana wengi hawakuisimuliwa. Mpango wa unyunyizaji wa Bura ulipokuwa ukiwahamishia watu kutoka sehemu nyingi za nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wapangaji waliona mapema kwamba maelfu ya wapikaji wapya wangeumaliza msitu mwembamba wa ukingo wa mto. Wakaamua kupanda mashamba ya kuni, na nchi ya Finland ikasaidia katika kazi na utafiti wa misitu huko Bura. Miongoni mwa miti iliyoletwa kutoka ng'ambo ni ule tuuitao mathenge. Kwa hesabu ya kuni, uchaguzi haukuwa mbaya: mti huo hukua upesi katika ukame, mbao zake ni nzito, na moto wake ni mkali na wa kudumu.

Lakini mti ulipokuwa umekusudiwa kukaa shambani, haukukaa. Mifugo ikala maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu kwa samadi. Maji ya mafuriko yakazibeba nyingine. Leo mathenge umeziba njia za mifugo, umevamia malisho ya Waorma na Wawardei na mashamba ya Wapokomo, na miba yake hutoboa miguu na magurudumu bila ya ubaguzi. Katika Baringo, ambako nako ulipandwa katika miaka hiyo hiyo, wakazi walifika hata mahakamani Nairobi katikati ya miaka ya 2000 wakiwa na mbuzi aliyeharibika meno kuwa shahidi wao. Mnamo 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari.

Basi pana mti ulioletwa kuwa kuni, ukageuka adui, na bado kuni zake ni njema. Kwa nini mkazi wa delta akate mkuyu wa ukingoni, au mikoko ya Kipini, hali mathenge umejaa? Msitu wa ukingo wa Tana ni kitambaa chembamba ambacho mbega mwekundu wa Tana na nyani aitwaye mangabei hawapatikani penginepo duniani ila humo. Ndiyo sababu hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Jibu ninalolisikia ni miba. Si jibu la kupuuzwa. Kukata mathenge kunataka panga lenye mpini mrefu, shoka, viatu vigumu na mikono yenye nguvu. Tena unataka ukatwe chini ya usawa wa ardhi, la sivyo kisiki huchipua matawi mengi zaidi ya yale uliyoyaondoa.

Hapo ndipo niseme jambo ambalo baadhi ya akina baba hawatalipenda. Katika nyumba nyingi shoka ni la mwanamume, lakini kuni ni za mwanamke. Yeye huokota kile ambacho mkono na panga dogo linaweza, yaani vijiti na matawi, na kwa kuwa ana kazi nyingine kumi hawezi kuokota leo akapikia baada ya miezi miwili. Huokota leo akapikia leo. Haikuwa ujinga hata siku moja. Bibi zetu walijua kukausha kuni kabla ya shule yoyote kujengwa. Kilichokosekana ni nafasi ya kutangulia mbele ya haja. Nafasi hiyo italetwa na wanaume na vijana wakishika shoka kwa siku chache za kiangazi.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwani gesi inakuja. Serikali imejiwekea lengo la kuwafikishia Wakenya wote mapishi safi kufikia mwaka 2028, nami naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Lakini mtungi wa gesi huja kwa barabara. Mwishoni mwa 2023 maji yaliikata njia ya Garsen kwenda Lamu, magari yakasimama siku baada ya siku. Nyumba yenye gesi nayo inahitaji rundo la kuni pembeni kwa siku kama hizo. Na majiko yaliyoboreshwa, ambayo tumekuwa tukihimizwa kuyatumia tangu miaka ya 1980, hayana muujiza: jiko zuri likilishwa kuni mbichi litafuka tu, na lenye dohani litajaza dohani hiyo lami mpaka lizibe.

Wengine, hasa wazee, hunikumbusha kwamba moshi una kazi yake. Mahindi ya mbegu yakining'inizwa juu ya meko hayaliwi na dumuzi upesi. Sina ubishi nao. Moshi wa kuni kavu utatosha kwa mahindi hayo, tena darini pale pale ndipo mahali pazuri pa kumalizia kukausha kuni za wiki ijayo.

Sasa kiasi. Tuseme familia ya watu sita inahitaji mtungi mmoja wa lita 20 wa maji ya kunywa yaliyochemshwa kwa siku. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka kunahitaji megajouli 6.3 za joto ndani ya sufuria. Mafiga matatu hufikisha sufuriani kama sehemu moja kwa nane ya joto la kuni, nalo kilo moja ya kuni kavu hutoa megajouli 14 hivi. Piga hesabu: utapata chini kidogo ya kilo 4 kwa siku. Kwa siku kumi za mafuriko ni kilo 40, matita mawili ya kichwani. Mama akifunika sufuria na kuukinga moto na upepo, zitadumu zaidi. Kwa kuni mbichi itabidi kuzidisha mara mbili au zaidi, kama moto utawaka.

Matita mawili! Ndiyo akiba ninayoizungumzia. Wahenga walisema akiba haiozi, ingawa hawakuwa na maana ya kuni zilizolazwa chini. Hizo huoza, tena huliwa na mchwa. Kuni zikatwe na kuchanjwa, kwani gome huzuia maji kutoka na ukuni mzima huweza kukaa mwaka ukiwa mbichi moyoni. Vipande visizidi unene wa kifundo cha mkono. Vipangwe juu ya uchaga ulioinuliwa kutoka ardhini, vikiachiana nafasi ya upepo kupita, na juu yake pawe na paa la makuti au bati, huku pande zikiachwa wazi. Kosa la kawaida ni kuzifunika kuni gubigubi kwa turubai. Unyevu wake hunaswa ndani na kuvu huota. Penye historia ya mafuriko uchaga huo uwe juu ya alama ya maji ya mara iliyopita, ambayo katika nyumba nyingi za Garsen bado inaonekana ukutani.

Tusichanganye pia kuni mbichi na kuni kavu zilizonyeshewa. Tawi lililofia mtini likinyeshewa jana limelowa nje tu. Siku chache za jua na upepo zitalirudisha. Mti mbichi una maji katika nyama yake, nao kwa kawaida hutaka miezi miwili au mitatu ya jua kali hata baada ya kuchanjwa. Utautambua uliokauka kwa nyufa za kwenye ncha, kwa gome linalobanduka, kwa wepesi mkononi, na kwa mlio: vipande viwili vikavu vikigonganishwa hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa sauti ya kufifia. Kibichi kikitiwa motoni hutoa povu nchani.

Nimewaweka walimu mwisho kwa sababu shule ndipo pawezapo kuanza. Katika shule nyingi za vijijini mwanafunzi huambiwa aje na ukuni. Mtoto, ambaye hana uchaga wala shoka, hukata tawi la kwanza analolikuta njiani, na asubuhi hiyo hiyo tawi hilo huingia jikoni mwa shule kupikia uji au githeri. Mpishi hupofuka kwa moshi na chakula huchelewa. Lau shule ingeamuru kwamba kuni za muhula huu ni za kupikia muhula ujao, ikajenga banda dogo lenye paa na sakafu ya miti, mambo yangegeuka bila ya gharama kubwa.

Tena shule zilizo mahali pa juu ndizo zinazogeuzwa kuwa kambi watu wanapohama. Familia 50 kwa siku kumi ni tani mbili za kuni kavu, kiasi kinachoenea katika rundo la urefu wa mita nne, upana wa mita moja na kimo cha mita moja, ikiwa ni kuni ngumu kama za mathenge. Kamati za shule, wasimamizi wa kaunti na mashirika yanayogawa mahema yanaweza kulipia rundo hilo kwa vijana wa kijiji wakati wa kiangazi, wakapata kuni, malisho yaliyofunguliwa na ujira kwa mkupuo mmoja.

Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali. Mwalimu wa sayansi na achukue vipande vitano vya mathenge vilivyochanjwa siku hiyo, avitie namba kwa mkaa, na wanafunzi wavipime kwa mizani kila Ijumaa na kuandika uzito wake ukutani. Mstari wa grafu utashuka kwa haraka majuma ya kwanza, kisha polepole. Siku utakapolala sawa kwa majuma mawili mfululizo, kuni za banda lile ziko tayari, na mvua za masika bado hazijafika.